Mstari wa Kurudi

Stavanger, Novemba, saa kumi jioni na giza limeshaingia.
Upepo wa Bahari ya Kaskazini unabisha hodi kwenye vioo,
haujibiwi, unabisha tena.
Mimi na kompyuta tunapika.

Tunapika kitu kisicho na jiko:
viini viwili vya risasi vikigongana
mpaka protoni zinasahau kuwa ni protoni,
mpaka kila kilichofungwa kinalegea,
na katikati ya uji huo
kwaki moja nzito na kinyume chake,
chanda na pete.

Halvard, msimamizi wangu, hapendi mafumbo.
"Eirunn," husema, "andika mlinganyo, acha mapambo."
Basi nauandika.

Muda ninaouiga ni ule ambao nuru
huvuka protoni kumi zilizopangwa foleni,
lakini mashine yangu huutaka usiku kucha.
Kila hatua narusha dadu.
Dadu likisema baki, wanabaki.
Likisema ruka, wanaruka, na rangi zao hubadilika.
Mara laki moja naanza upya, jozi ileile, moto uleule,
na hakuna mara mbili zinazofanana.

Nimejifunza hivi: waliokumbatiana sana
moto huwapita kando, hauoni kama ni wawili.
Waliojinyoosha,
walioacha nafasi ya upepo kati ya mkono na mkono,
hao ndio wa kwanza kuyeyuka.

Baba alikuwa fundi kwenye jukwaa la mafuta,
wiki mbili baharini, wiki nne nyumbani.
Sikumbuki ugomvi. Nakumbuka nafasi tu:
kiti, halafu kiti.

Joto likishapoa, kanuni hairuhusu kwaki itoke peke yake.
Kila mmoja hushika mkono wa mgeni mwepesi
aliyetokea kuwa karibu, akatoka naye.
Mama alitoka na Oddleif, makanika wa feri.
Baba alitoka na redio, na mbwa.

Ila wiki hii jumla inanikataa.
Uwezekano wote ukiujumlisha lazima uwe moja:
ama wako pamoja, ama wametengana,
hakuna pa tatu pa kujificha.
Mimi napata sufuri nukta tisa nane.
Mbili katika mia zimevuja, na chungu sioni kilipotoboka.

Siku nne. Nimekagua hatua, nimekagua mipaka,
nimemlaumu hata fundi wa umeme.
Jana Halvard akasimama nyuma yangu
na kikombe chake kisicho na mpini,
akasoma programu kimya, akaweka kidole kwenye skrini:
"Umewaandikia njia ya kwenda. Ya kurudi iko wapi?"

Kweli. Niliandika kwamba moto huwatenganisha.
Sikuandika kwamba moto huohuo, bila kukusudia,
huweza kuwasukuma wakagusana tena.
Hakuna aliyenikataza.
Niliona tu haina haja.

Mstari mmoja. Niliuandika kama mtu anayesaini deni.

Leo jumla ni moja, moja kamili mpaka tarakimu ya tisa.
Waliosalimika walikuwa kumi na mmoja katika mia;
sasa ni kumi na watatu.
Si wengi. Halvard amesema "vizuri",
neno analolitoa mara mbili kwa mwaka,
moja wakati wa Krismasi.

Nimeshavaa koti. Kwenye simu kuna ujumbe wa Mama:
baba yako bado anao ule ufunguo wa banda la boti?
Nimesimama ngazini, taa ya ukumbi imejizima yenyewe
kwa kuwa sikusogea.
Ningeweza kumuuliza Baba mimi. Ni dakika moja.

Namjibu kwa namba ya simu ya Baba,
ambayo anaijua kwa ghibu.